Kuwaandikia Watoto Habari za Kale za Ngara na Biharamulo

Wengi wenu mwajua ya kuwa sisi walimu wa huku, wa Ngara na wa Biharamulo, tumekuwa tukijaribu kuandika kurasa chache za historia kwa ajili ya watoto, zipate kusomwa shuleni na nyumbani, kila mwezi sehemu moja. Wengine wametuuliza kwa nini kazi hii imechukua muda mrefu hivi, nao wadhani ya kuwa kumwandikia mtoto ni kazi nyepesi kuliko kumwandikia mtu mzima. Sisi nasi tulidhani hivyo hapo kwanza. Leo twataka kuwaeleza yaliyotupata, na kuwaomba msaada, maana sehemu kubwa ya kazi iliyobaki imo mikononi mwenu wala si mwetu.

Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa mbaya. Tuliuanza kwa orodha ya wafalme: fulani alimzaa fulani, naye akatawala, kisha akafa, akafuata fulani. Tulifanya hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuona habari za kale zikiandikwa. Hata kitabu kile mashuhuri cha Francis Lwamgira, Amakuru ga Kiziba, kilichotoka kwa Kihaya katika mwaka wa 1949, chafuata wafalme wa Kiziba. Nacho ni kitabu cha thamani kubwa, maana asingaliandika yeye, mengi yangalipotea pamoja na wazee waliomsimulia. Lakini aliwaandikia watu waliokwisha kuyasikia majina yale tangu utotoni. Sisi tuliwasomea watoto wa darasa la tano. Wakakaa kimya kwa adabu, kama wakaavyo watoto wasioelewa neno. Tulipokwisha, msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hao watu walikaa wapi?" Tukamwonyesha kwa kidole upande wa kaskazini, na kusema kweli sisi wenyewe hatukuwa na hakika.

Swali lile lilitufanya tuanze upya. Mtoto hakuuliza nani alimzaa nani. Aliuliza mahali. Alitaka kujua kama aweza kwenda kupaona.

Kazi ya walimu kuandika habari za nchi yao katika gazeti la kila mwezi si mpya. Mwaka wa 1888 vijana wa chuo cha Kiungani, Unguja, walianza kupiga chapa gazeti liitwalo Msimulizi, na walimu waliokuwa mbali katika vituo vya bara wakapeleka humo habari za mahali walipo. Tena Januari 1923 Idara ya Elimu, Dar es Salaam, ilianza kutoa Mambo Leo, na humo wenyeji wa makabila mengi wakaandika mila na asili zao kwa mkono wao wenyewe. Hao wote tunawashukuru. Walakini kwa sehemu kubwa waliandikiana watu wazima kwa watu wazima, na mtoto alisoma kama mtu asikilizaye mazungumzo ya wakubwa nyuma ya mlango.

Kwa mfano wa kuwaandikia watoto hasa ilitupasa kutazama mbali. Huko Marekani kulikuwa na gazeti la historia kwa watoto, jina lake Cobblestone, lililoanza kutolewa mwaka wa 1980. Desturi yake ilikuwa kila toleo kushika jambo moja tu, na kila ukurasa wa toleo lile kulizunguka jambo lile lile. Sisi hatuna fedha za Wamarekani wala picha zao za rangi, lakini desturi hiyo haigharimu kitu. Tukakubaliana: kila mwezi jambo moja, na jambo lenyewe liwe kitu ambacho mtoto wa huku aweza kukiona kwa macho au kukigusa. Boma la Wadachi lililosimama hata leo Biharamulo. Maporomoko ya Rusumo. Mahali Ruvubu iingiapo katika Kagera. Jembe.

Kwa habari ya jembe tutasema kidogo, maana ndilo lililofaulu kwanza. Mahali pengi katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria mtu akilima hukuta vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu, kana kwamba ni uji uliochemka ukaganda. Watoto huvirushia ndege. Hayo ni mavi ya chuma, yaani takataka iliyotoka katika tanuru wakati mawe ya chuma yalipoyeyushwa. (Jina hilo liliwachekesha watoto sana, nasi hatukulificha, kwa kuwa ndilo jina lake, na mtoto aliyecheka hasahau.) Tukawaeleza jinsi Warongo wa upande wa Uzinza walivyochimba mawe, wakachoma makaa, wakajenga tanuru la udongo, wakapuliza kwa mivuo kupitia mirija ya udongo mpaka chuma kikashuka, na jinsi majembe yalivyochukuliwa mbali hata Unyamwezi, yakatumika kununulia vitu na kutolea mahari. Tukawaambia pia ya kuwa wataalamu waliochimba Katuruka, karibu na Bukoba, waliona dalili za watu waliokuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita. Kesho yake meza ya mwalimu ilijaa mavi ya chuma, na mawe ya kawaida pia, na kipande kimoja cha pikipiki. Tukajua ya kuwa sasa tumepata njia.

Lakini ndugu zetu, vitu ni rahisi. Shida ilianza tulipofika kwa watu.

Mwezi wa tatu tulichagua njia ya misafara, tukataka kuwaeleza watoto wa Biharamulo habari za Suwarora. Huyu alikuwa mfalme wa Rusubi, nchi ambayo watu wa misafara waliitamka Usui, nayo ilikuwa katika sehemu hizi za Biharamulo. Mwaka wa 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walikuwa wakisafiri kutoka pwani kutafuta chanzo cha mto Nile. Kwenda Karagwe kwa mfalme Rumanyika, na kutoka huko kwenda Buganda, iliwapasa kupita katika nchi ya Suwarora. Speke aliandika safari yake katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1863, na kwa muda mrefu kila mtu aliyetaka kuandika habari za Rusubi ya siku zile alikwenda kuchota humo. Sisi nasi tulichota humo. Na katika kitabu hicho Suwarora ni mtu mbaya. Adai hongo, na akiisha kupewa adai tena. Wakubwa wake nao wadai zao. Wageni wakawizwa mambo siku nyingi. Wezi wa usiku wakaisumbua kambi. Mara msafara ukavuka mpaka na kuingia Karagwe, na hapo mambo yote yageuka: Rumanyika ni mwema, mkarimu, mwenye uso wa furaha, wala hadai hongo.

Mmoja wetu aliandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili chepesi, tukampa mtoto wa kaka yake asome. Kijana yule wa miaka kumi na mmoja alisoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa wezi."

Tulinyamaza. Hatukuwa tumefikiri ya kuwa mtoto atajihesabu humo ndani. Sisi tulidhani twaandika habari za mfalme mmoja aliyekufa zamani. Yeye alisoma habari zake mwenyewe. Tukaona ya kuwa ukurasa ule, ungalitoka, ungaliwaambia watoto wa Biharamulo ya kuwa babu zao walikuwa wanyang'anyi, na watoto wa Karagwe ya kuwa babu zao walikuwa waungwana. Na hayo yote kwa ushahidi wa msafiri mmoja aliyepita hapa kwa majuma machache.

Basi tulirudi katika kitabu kile kile, safari hii tukasoma kwa kuuliza. Na kwanza tuliuliza juu ya neno lenyewe, hongo. Mtoto wa leo akisikia hongo hufikiri rushwa: mtu amempa karani fedha chini ya meza. Lakini katika siku za misafara hongo ilikuwa malipo ya kupita, nayo ilidaiwa mchana kweupe, kwa ngoma, na kila mtu alijua ya kuwa yatalipwa. Waarabu walilipa, Waswahili walilipa, Wanyamwezi walilipa. Ikiwa gari la mizigo likifika Rusumo leo, dereva husimama, huonyesha hati zake, na ushuru hulipwa. Wala mtoto yeyote hasemi ya kuwa Tanzania au Rwanda ni nchi ya wanyang'anyi. Tuliuweka mfano huo katika ukurasa wetu, kwa kuwa watoto wengi wamekiona kituo kile cha mpakani pamoja na daraja jipya, ambavyo marais wa nchi hizi mbili walivifungua Aprili 2016. Tukaongeza lakini neno moja la haki kwa upande wa pili: ushuru wa leo una kiwango kilichoandikwa, na hongo haikuwa nacho. Ilikuwa ni ya kubishaniwa, na kila mkubwa wa njiani alitaka fungu lake. Mgeni hakujua itaisha lini. Hata sisi tungaliudhika.

Pili tuliuliza: Speke alifika Rusubi akiwa katika hali gani? Kitabu chake mwenyewe chajibu. Alikuwa amekwisha kuugua sana katika Uzinza. Wapagazi wake wengi walikuwa wamemkimbia. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule msafara wa mwenzake Grant ulikuwa umeshambuliwa na kuporwa na watu wa mtemi Myonga huko Unyamwezi. Mtu wa namna hiyo, akiingia katika nchi nyingine na kuombwa nguo na waya wa shaba, hana moyo wa kutazama kama madai ni ya haki au si ya haki. Amekwisha kuchoka.

Tatu tuliuliza: na Suwarora je, alikuwa akiona nini? Hapa ndipo tulipokaa usiku mwingi. Suwarora hakuonana na Speke uso kwa uso. Alimwogopa mgeni huyu mweupe na uchawi aliodhani anao, akasema naye kwa vinywa vya wakubwa wake. Nchi zake zilikuwa katika hofu ya Watuta, wale Wangoni waliotoka kusini, ambao waliziteka ng'ombe na kuchoma vijiji katika sehemu zote hizi. Watu wenye bunduki walikuwa wakizidi kuja kila mwaka. Mfalme wa nchi ndogo iliyo njiani, mwenye maadui pande zote, akiona msafara wenye bunduki nyingi unakuja, na mwenye msafara hakuja kununua pembe wala watumwa bali asema ati atafuta mwanzo wa mto, afanye nini? Sisi hatusemi alifanya vema. Twasema ya kuwa mtoto akiambiwa hayo, aweza kufikiri mwenyewe.

Na Rumanyika? Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, hatumwondolei. Lakini yeye naye alikuwa na haja yake. Alikuwa na ugomvi na ndugu yake Rogero juu ya kiti cha ufalme, na zamani kidogo wafanya biashara kutoka Unyanyembe walikuwa wamemsaidia katika ugomvi huo. Kwake yeye mgeni mwenye bunduki aweza kuwa rafiki. Alimwomba hata Speke msaada juu ya ndugu yake. Kwa Suwarora mgeni yule yule alikuwa hatari. Wafalme wawili majirani, na mgeni mmoja, na kila mfalme alimpima kwa mizani ya nchi yake.

Tulipomsomea yule kijana ukurasa wa pili, hakusema kitu juu ya wezi. Aliuliza kama Suwarora alipata kujua ya kuwa ameandikwa kitabuni. Tukamjibu hapana, hatudhani. Akasema, "Ndiyo maana hakujibu." Wenzetu, tumefundisha miaka mingi, lakini hatujapata kusikia historia ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Wengine mwaweza kusema: kwa nini basi msiache kitabu cha mgeni, mkaandike yale ya wazee tu? Tulijaribu. Lakini wazee nao, kwa heshima yote, wana pande zao. Tuliwaendea wawili katika Ngara juu ya habari moja ya zamani ya ugomvi wa malisho. Mmoja alisema ukoo wake ndio uliokuwa hapo kwanza na wale wengine walikuja kuomba. Mwenzake, kwa maneno karibu yale yale, alisema ukoo wake ndio uliokuwa hapo kwanza. Kila mmoja alitukaribisha vizuri, na kila mmoja alituonya tusimsikilize mwenziwe. Tuliandika masimulizi yote mawili, moja baada ya jingine, tukawaacha watoto wahesabu mahali yanapokubaliana. Baadhi ya wazazi hawakupendezwa. Walitaka tuamue. Lakini hatukuwa tumepewa uamuzi wa mashamba, tumepewa daftari.

Jambo la mipaka lilikuwa gumu vilevile, ingawa si la ugomvi wa nyumba na nyumba. Mtoto wa Ngara aliye karibu na Burundi huvuka kwenda kwa shangazi yake, asikia Kirundi, naye aelewa karibu kila neno, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Kisha shuleni aona ramani, na juu ya ramani mstari mweusi. Huuliza, "Nani aliuchora?" Yampasa kujibiwa. Nchi ya Bugufi ilifungamana zamani na ufalme wa Burundi. Nchi ya Bushubi, jirani yake, ilikuwa na wafalme wake. Wadachi waliposhindwa katika vita, Bwana Milner wa Uingereza na Bwana Orts wa Ubelgiji walipatana katika mwaka wa 1919 jinsi ya kugawana nchi zilizokuwa za Wadachi upande huu. Waingereza walitaka nafasi ya kupitisha reli magharibi ya ziwa, kwa hiyo wakapewa pia Gisaka, iliyo sehemu ya Rwanda. Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika, na wamisionari pamoja naye, na mwisho wa mwaka wa 1923 Gisaka ikarudishwa. Bugufi haikurudishwa. Mwaka wa 1948 Mwambutsa, mwami wa Urundi, alipeleka maombi yake kwa Umoja wa Mataifa ili arudishiwe Bugufi, lakini ikabaki upande wa Tanganyika, na ndiyo iliyo pamoja na Bushubi katika wilaya ya Ngara hata leo. Reli ile haikujengwa kamwe.

Twapenda mtoto ajue ya kuwa mstari huo ulichorwa na watu, tena kwa haja ya reli ambayo haikuja. Hii haina maana ya kuwa mstari si kitu. Sisi ni raia wa Tanzania kwa moyo wote. Tena mistari midogo hubadilika hata katika siku zetu: watoto wengi wa Biharamulo hushangaa wakiambiwa ya kuwa Chato ilikuwa sehemu ya wilaya yao, kabla haijawa wilaya yenyewe na kuhesabiwa katika mkoa wa Geita tangu mwaka wa 2012. Baba zao hawashangai.

Sasa twaja kwenye toleo lililotugawa. Ni toleo la daraja la Rusumo.

Daraja lina habari nyingi njema za kuwaandikia watoto. Mwaka wa 1894 Gustav Adolf von Götzen, Mdachi, alivuka mto sehemu hizi akaingia Rwanda. Mwaka wa 1898 Richard Kandt alisimama mahali Ruvubu na Nyabarongo zikutanapo, akapima ni mto upi wenye maji mengi zaidi, ili aufuate mpaka mwanzo wa Nile. Tungaliweza kuishia hapo, na watoto wangalifurahi. Mmoja wetu alitaka tuishie hapo. Mwingine akasema, "Watoto watauliza juu ya 1994, maana nyumbani wameona maturubai." Kweli, katika nyumba nyingi za Ngara turubai la wakimbizi lilikaa miaka mingi, likifunika kuku au mahindi, na kila mtoto alijua lilitoka wapi ingawa hakuambiwa kwa nini.

Tulibishana majuma mawili. Waliokataa walikuwa na sababu nzuri. Walisema mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba habari za mauaji ya namna ile. Tena katika madarasa yetu wamo watoto ambao wazazi wao au babu zao walikuja kutoka ng'ambo, na neno moja baya laweza kufanya wenzao wawanyoshee kidole. Waliotaka kuandika walisema wamekwisha kunyoshewa kidole. Watoto wamesikia tayari, nao wamesikia vibaya, uwanjani na kwenye kilabu cha pombe, kutoka kwa watu wasiopima maneno. Kunyamaza kwetu hakutawafanya wasijue. Kutawafanya wajue kwa wengine.

Mwisho tuliandika. Tuliwaandikia darasa la sita na la saba tu, na kila neno tulilisoma kwa sauti mara nyingi. Tuliandika ya kuwa katika Rwanda, tangu Aprili mpaka Julai mwaka wa 1994, watu wengi mno, zaidi ya laki tano, na kwa hesabu nyingine laki nane au zaidi, waliuawa, wengi wao Watutsi, waliuawa kwa kuwa ni Watutsi. Na pamoja nao Wahutu waliokataa kuua. Tuliandika ya kuwa mto Kagera ulichukua maiti mpaka Ziwa Viktoria. Neno hilo moja lilitugharimu usiku mzima, na hatuna hakika hata sasa kama tulifanya sawa. Tuliandika ya kuwa tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja, wakaingia Ngara. Na ya kuwa kati yao walikuwamo waliokimbia vita, na watoto wasiojua lolote, na pia watu waliokuwa wameua. Hatukuliacha neno la mwisho hilo, ingawa ni zito, kwa sababu bila hilo mtoto hawezi kuelewa kwa nini kambini kulikuwa na hofu.

Kisha tuliandika juu yetu wenyewe. Ya kuwa Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya kujenga barabara, pakawa mji wa mahema kwa siku chache, na wakimbizi wakazidi wenyeji wa wilaya kwa wingi. Ya kuwa wanakijiji wa Ngara walitoa ndizi na maji na nafasi ya kulala kabla shirika lolote halijafika. Ya kuwa wengine wetu waliuza ndoo ya maji kwa bei ambayo leo waona haya kuitaja. Miti ilikatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki uchi, na visima vikakauka. Wengine walipata kazi katika mashirika, wakajenga nyumba za bati, nazo zipo. Mwezi wa Desemba 1996 serikali iliwaamuru wakimbizi wa Rwanda kurudi kwao, nao wakarudi kwa njia ile ile, juu ya daraja lile lile, wengine wakitaka na wengine wasitake.

Tulipolisoma toleo hilo darasani, msichana mmoja wa darasa la saba alikwenda nyumbani, akamwuliza bibi yake kama ni yeye aliyeuza maji. Bibi akakasirika, akaja shuleni. Tulimpa kiti, tukamsomea ukurasa wote. Alisikiliza kimya. Kisha akatuambia ya kuwa yeye hakuuza; aliwapa maji watu wa nyumba moja, mama na watoto wanne, siku tatu, na siku ya nne maji yakaisha akafunga mlango. Akasema hilo ndilo tulipaswa kuandika, ya kuwa maji yaliisha. Tumeliandika. Limo katika chapa ya pili.

Kwa hiyo, wazazi na wazee wetu, mwaona ni kitu gani tukiombacho. Vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili vinavyotumika shuleni kufuatana na mtaala wa mwaka 2023 ni vizuri, lakini yavipasa kusema habari za nchi nzima; havina nafasi ya kukaa Rusumo wala Biharamulo zaidi ya mstari au miwili. Nafasi hiyo ni ya kurasa zetu, nazo hazitajazwa na walimu peke yao. Aliye na jembe la kale, au kengele, au barua, au hati ya kodi ya babu yake, amruhusu mtoto ailete shuleni siku moja. Tutaiandika na kuirudisha siku ile ile. Na mwenye habari atupatie ilivyokuwa, pamoja na sehemu asizozipenda. Zile tutajua jinsi ya kuziandika kwa upole, tukipewa muda.

Toleo lijalo ni la Ruvubu na mitumbwi iliyovusha watu kabla ya madaraja. Tumekwisha kupata kafi moja ya zamani, lakini bado hatujapata mtu aliyeitumia. Ajuaye mvushaji aliye hai, upande wetu wa mto au ng'ambo, na amwambie mwalimu aliye karibu naye kabla ya mvua za masika, maana njia ya kwenda huko huharibika.